Jina Chini ya Jina Langu

Wiki iliyopita mliniacha uani kwetu Kasongo, kisu cha jikoni mkononi, mjukuu wangu Bruno akinitazama kama mtu aliyenyang'anywa chakula. Kwa aliyeingia leo nitaeleza kwa ufupi, maana balaa lenyewe halikumngoja mtu.

Bruno anataka kumwoa Emmanuella, binti wa Kabambare. Baba wa binti alishafariki, kwa hiyo baba yake mdogo, bwana Gédéon, ndiye anayesimamia mahari. Mbuzi walishakwenda. Vitenge vilishakwenda. Kilichobaki ni pikipiki yetu nyekundu, ile aliyotuachia marehemu mwanangu Emile, baba yake Bruno. Emile alikuja nayo nyumbani kutoka migodi ya dhahabu, na Bruno amekuwa akiitumia kubeba abiria tangu siku tulipomzika baba yake.

Gédéon ameikubali, ila ametoa sharti.

"Ikuje bila jina la mutu, na bila mukwaruzo," alituambia. "Siwezi pita mu Kabambare nimekaa juu ya mama ya batu."

Mama huyo wa watu ni mimi. MAMA VICTORINE, ndivyo ilivyoandikwa kwenye tangi. Upande wa kushoto, herufi nyeupe za kubandika, moja moja. Upande wa kulia, stika moja pana yenye picha ya simba, na jina langu chini ya makucha yake. Niliwahi kumuuliza Emile kwa nini pande mbili hazifanani. Alisema herufi zilimwishia muuzaji.

Tukishindwa sharti, kuna mfanyabiashara wa dhahabu anayepiga hodi kwa Gédéon na pikipiki mpya, bado imevaa nailoni yake. Bruno analijua hilo. Ndiyo maana alikimbilia kisu.

"Koko, nirudishie kisu," alisema. Koko ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyotuita sisi bibi zao.

"Nikurudishie ukachinje nini? Piki haina damu."

"Ile karatasi imekauka. Imeshikana na rangi kama ndugu wa tumbo moja."

"Basi ndugu huachanishwa kwa maneno mazuri. Sogea."

Kisu kilikuwa kimeshaacha alama, fupi kama ukucha wa mtoto mchanga, pembeni mwa herufi ya kwanza. Niliipaka mate kwa kidole. Haikuondoka. Bruno aligeuza uso.

Nikachemsha maji. Nilikunja kitambaa kile nilichokuwa nikiwakandia watoto wenye homa, nikakilaza juu ya herufi. Stika ililegea kidogo pembeni. Nilipoishika kwa kucha ilikuwa imeshapoa, ikakatika kipande kidogo kama ganda la kitunguu.

Nikachemsha tena. Ikakatika tena.

Majirani walikuja, kila mmoja na elimu yake. Mmoja alisema tusugue kwa mchanga laini. Mwingine alisema ndimu na chumvi. Mwingine alisema tuiegeshe karibu na moto, nikamuuliza kama amesahau kuna nini ndani ya tangi.

Bruno alikwenda kumwita fundi Zacharie, anayetengeneza pikipiki karibu na soko.

"Pakeni esansi," alisema mtu mmoja aliyekuja nyuma yake. Esansi ndiyo petroli.

"Wewe ukipakwa esansi usoni utabaki muzuri?" Zacharie alimuuliza. "Itatoa gundi, itatoa na mung'ao. Piki itakuwa kama mutu wa ukoma. Hapa inatakiwa joto, lakini joto la pole, lisilokatika. Maji yanapoa upesi."

"Joto hilo tutalipata wapi?" niliuliza.

Zacharie alikuna kichwa. Hakujua.

Aliyejua alikuwa Aïcha, jirani yangu mwenye saluni ya nywele. Alikuwa amesimama mlangoni kwake akitutazama muda wote huo, kichana mdomoni.

"Mama Victorine," alisema, "leteni mugonjwa wenu huku."

Tuliisukuma pikipiki mpaka ndani ya saluni. Kulikuwa na mteja, mama mmoja ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu. Aïcha alimwomba asubiri. Yule mama alitazama pikipiki, akanitazama mimi, akahamisha kiti chake mwenyewe hadi pembeni.

"Nusu ya kichwa inatosha kwa leo," alisema. "Nipeni nami nishike kitu."

Watu wa namna hiyo siwasahau.

Aïcha aliwasha jenereta na kuchukua mashine ya kukausha nywele. Akapuliza herufi ya kwanza, akisogeza mkono huku na huku, asisimame mahali pamoja. Nikaigusa. Ilikuwa laini kama utando wa maziwa.

"Usivute kwenda juu," Zacharie aliniambia. "Laza. Irudishe nyuma juu ya mugongo wake."

Nikaivuta nikiilaza. Ikaja, nzima, na mkia mrefu wa gundi.

Pale ambapo kucha haikufika, Aïcha alitupa uzi wa kushonea nywele. Bruno alishika ncha moja, mimi ncha nyingine, tukaupitisha chini ya herufi tukivuta huku na huku kama watu wanaokata sabuni. Hapo nilianza kuona ndoa ya mjukuu wangu.

Kisha jenereta likakohoa, likazimika.

"Mafuta yameisha," Aïcha alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kuomba msamaha, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Bruno alikaa chini sakafuni. "Mungu hataki," alisema.

"Mungu hajasema neno," nilimjibu. "Tangi hilo lina nini ndani?"

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, wa kwanza kucheka siku hiyo. Tukachomoa mpira wa mafuta, tukatoa esansi ndani ya tangi la pikipiki, tukalinywesha jenereta, ili lipulize joto juu ya tangi lile lile.

Herufi zilizobaki zilitoka. Gundi nikaiondoa kwa mawese ya uvuguvugu, kwa kidole gumba, nikizungusha polepole mpaka ikawa vijipira vyeusi. Vidole vyangu vilitoka malengelenge. Nilikuwa nikifuta jina langu mwenyewe, na katika watu wote wale ni Aïcha peke yake aliyeinama na kuniuliza, "Mama, roho haikuumi?"

"Inauma," nilisema. "Lakini jina langu nalijua. Mke wa Bruno bado simjui."

Tukaosha kwa sabuni, tukafuta, tukasogea nyuma tutazame.

MAMA VICTORINE.

Lilikuwa pale pale, wazi kuliko mwanzo. Jua la miaka yote hiyo lilikuwa limepausha wekundu wa tangi, isipokuwa chini ya herufi. Huko rangi ilikuwa bado changa. Tulikuwa tumetoa herufi nyeupe, zikabaki herufi nyekundu, na hizi hazikuwa na pembe ya kushika.

Bruno alitoka nje. Nilimsikia akipiga teke ndoo.

Zacharie ndiye aliyetuokoa hapo. Aliomba dawa ya meno na kitambaa cha pamba, akasugua ile rangi iliyopauka kuzunguka jina, kidogo kidogo, bila haraka. Wekundu wa zamani ukaanza kupanda juu kama damu inayorudi usoni. Alisugua mpaka kivuli cha jina kikafifia, ukilitaka ulitafute. Hata mkwaruzo wa kisu ulizama. Nilipotaka kumshukuru alisema, "Koko, Emile alikuwa ananisalimia kila asubuhi," akakusanya vyombo vyake.

Lakini kabla hajaondoka tulikuwa bado na upande wa kulia, ule wa simba.

Sasa kazi tuliijua. Aïcha alipuliza, nikainua pembe, nikaanza kuilaza stika ile pana juu ya mgongo wake. Ilitoka vizuri kuliko zote. Ilitoka kama ganda la ndizi iliyoiva. Nilikuwa najisifu moyoni.

Chini yake kulikuwa na maandishi.

Hayakuwa ya kubandikwa. Yalikuwa ya rangi ya mafuta, nyeupe, yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu na kwa unyoya au kijiti. Jua halikuwahi kuyaona, kwa hiyo yaling'aa kama ya jana. Kialama cha juu ya herufi za É kilikuwa kinene, aliyeandika alikuwa amekandamiza.

DÉO WA ÉMÉRANCE.

Aïcha alishusha mashine.

"Déo ni nani?" Aïcha aliuliza.

Hatukumjua. Emile hakuwahi kumtaja Déo wala Émérance. Nilimkumbuka mwanangu jinsi alivyokuwa akiosha pikipiki hii mwenyewe kila Jumapili, asimruhusu hata Bruno kugusa upande ule. Jina la mama, alikuwa akisema, halioshwi na mikono ya watu. Mimi nilikuwa nikikaa mlangoni nikimtazama na moyo wangu umejaa.

"Ni mwenye piki wa kwanza," Zacharie alisema. "Piki ya mugodini inapita mikono mingi."

"Nipeni wembe," Bruno alisema.

"Hapana."

"Koko, ni rangi tu juu ya rangi. Nitaikwangua."

"Utaikwangua na ya chini. Gédéon amesema bila mkwaruzo."

"Amesema pia bila jina."

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi, na tulikuwa tumechoka. Zacharie alisema anaweza kupaka rangi upande mzima, lakini wekundu ule haupatikani Kasongo, itakuwa piki yenye mashavu mawili tofauti. Na wakwe walikuwa wanatungoja.

Basi nikaamua. Zawadi ya mahari huenda imefunikwa. Tutalifunga tangi kitenge, tutafika, tutakula, watu wakishacheka nitamwambia Gédéon taratibu kwamba ni jina la mtu asiyejulikana, mtu wa mbali. Jina la mgeni linasameheka. Mkwaruzo hausameheki.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi mwenye akili.

Tulitoka alfajiri ya kesho yake, mimi nyuma ya Bruno. Barabara ya Kabambare mnaijua. Tope lilitushika, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena. Penye daraja la magogo nilivuka kwa miguu nikishikwa mkono na mkulima ambaye hata jina hakunitajia. Kitenge kilichafuka chote, lakini chini yake tangi lilibaki safi. Kila tuliposimama nilichungulia.

Tulipoingia uani kwa Gédéon jua lilikuwa bado liko juu. Yeye ni mtu mrefu, hutembea mikono nyuma. Aliizunguka pikipiki.

"Tutaona kama mumetuletea piki ao mumetuletea kitenge," alisema. Watu wake wakacheka.

Mama mmoja mwembamba, wa umri kama wa Gédéon, alikuja na beseni la maji ya uvuguvugu. Alipiga magoti akaniosha miguu bila kuambiwa na mtu. Alipofika mikononi alisimama.

"Mama, vidole vyako vimefanya nini?"

"Vimefuta jina kwenye piki," nilisema. "Jina langu."

"Wewe mwenyewe?"

"Ningemwachia nani? Vijana wana haraka."

Alitabasamu. Akaingia ndani, akarudi na mafuta ya kujipaka, akanipaka kila kidole kana kwamba ni mtoto. Nikasema moyoni, nyumba yenye mtu kama huyu, mjukuu wangu ameoa pazuri.

Hotuba zikaanza. Wazee wa kwao wakasema, mzee wa ukoo wetu aliyetutangulia akajibu. Emmanuella alikuja kukaa chini karibu na kiti changu, kichwa kimefunikwa, na akanishika pindo la nguo kwa vidole viwili. 

Kisha Gédéon akasimama.

"Zawadi haifunuliwi na mwanaume," alisema. "Itafunuliwa na shangazi ya binti. Émérance, kuya hapa."

Yule mama aliyeniosha miguu akainuka.

 Nikamwinamia Emmanuella.

"Mwanangu, shangazi yako ana mume?"

"Alikuwa naye, koko," alininong'oneza. "Alibeba mutu kwenda Wamaza, zamani, mimi mutoto. Hakurudi. Na piki yake haikurudi."

"Aliitwa nani?"

"Déo. Lakini hatulisemi mbele yake."

Nikasimama. Sijui nilikuwa nataka kufanya nini. Watu wote walinitazama, na Émérance alikuwa ameshashika fundo la kitenge.

"Koko," Gédéon alisema, "usiniambie unataka kuirudisha."

Wakacheka. Ng'ambo ya ua nilimwona Bruno, naye hakuwa anacheka. Yeye alikuwa amesikia lile jina kama nilivyolisikia mimi. Alisogeza kichwa, kidogo tu. Macho yake yalikuwa yananiomba, lakini sikujua yananiomba niseme au ninyamaze.

"Nilitaka tu kusema," nilisema, "ina vumbi. Tungeiosha kwanza."

"Vumbi ni ya njia," Émérance alisema kwa upole. "Haina haya."

Akafungua upande wa kushoto.

Gédéon aliinama, akapitisha ukucha wake juu ya rangi kwa urefu wote. Akasogeza uso, akafinya macho.

"Naona mama bado amebaki kidogo," alisema.

"Anamusindikiza mujukuu," mzee mmoja alijibu, na ua mzima ukacheka. Gédéon naye akacheka, hakuweza kujizuia.

"Atazoea Kabambare," alisema. "Mukwaruzo hakuna. Kazi nzuri."

Emmanuella aliachia pindo langu. Wanawake walianza kupiga vigelegele. Kama dunia ingesimama hapo, ningekuwa mwanamke mwenye bahati.

Émérance akazunguka upande wa pili.

Alikuwa amewapa watu mgongo, nguo yake pana imeziba tangi lote. Mimi tu, niliyekuwa nimerudi kitini, nilikuwa naona mikono yake. Aliinua kitenge. Mikono ikasimama. Kisha kidole kimoja kikaenda mpaka kwenye É ya mwisho, kikapita juu ya kile kialama kinene, kutoka juu kwenda chini, kwa njia ile ile ya aliyekiandika.

 Mabega yake yalipanda, yakashuka.

Nikamwona mwanangu Jumapili asubuhi, ndoo na kitambaa, akisugua simba. Jina langu lilikuwa juu pale miaka yote, mji mzima ukilisoma, na mimi nikilipokea kama pendo. Labda lilikuwa pendo. Labda aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Lakini herufi hazikumwishia muuzaji. Upande ule ulihitaji kitu kipana, ndiyo sababu hazikufanana, na kitu hicho kipana kilikuwa mimi.

Na kama ningemwachia Bruno wembe wake, hakuna mtu ambaye angesoma lolote.

Émérance alirudisha kitenge. Alifunga fundo mara mbili, akalivuta likaze.

"Na upande huu hauna mukwaruzo," alisema kwa sauti ya kawaida. "Kaka, wageni iko na njaa."

"Wacha nitazame," Gédéon alisema.

"Utaitazama maisha yako yote. Chakula kinapoa."

Gédéon alicheka tena, akampiga Bruno begani, akamvuta kwenye mkeka wa wanaume. Sahani zikaanza kupita. Emmanuella alikimbia ndani kusaidia.

Émérance alikuja mpaka kwenye kiti changu. Akapiga magoti mahali pale pale alipokuwa ameniosha miguu, akaanza kunifunga mkanda wa sandali ambao haukuwa umefunguka. Kichwa chake kilikuwa chini, sikuuona uso.

"Mama," alisema, "nani alitoa ile karatasi?"

"Mimi."

"Kwa vidole hivi?"

"Kwa vidole hivi."

"Aksanti. Mungine angekwangua." Alimaliza mkanda. Mikono yake ilibaki juu ya mguu wangu, bado ina joto la maji. "Mume wangu sikumuzika, mama. Sikupata hata kiatu. Sitaharibu ndoa ya mutoto, wacha wale kwa amani. Lakini wewe hautaondoka hapa bila kuniambia."

"Kukuambia nini, mwanangu?"

Akainua macho.

"Nani aliibandika."

Ng'ambo ya ua Bruno alikuwa amesahau kila kitu kwa dakika moja. Gédéon alikuwa amemwambia neno la utani, naye akatupa kichwa nyuma akacheka, kwa kicheko kile kile cha baba yake, aliyeibandika, na Émérance akageuka kumtazama.